Gari la nyumba Dar es Salaam: anza na uzito, leseni na fundi vitafuata

Anayetaka gari la nyumba, yaani gari lililojengewa vitanda na jiko ndani, hapa Dar es Salaam huanza kuulizia bei, halafu leseni, halafu fundi. Mpangilio huo ndio unaozaa mkanganyiko. Leseni, tairi, breki, mizani ya barabarani na hata ada ya kuingia hifadhini vyote vinategemea jambo moja, nalo ni uzito. Usipoujua uzito wa gari lako utaulizia kwa watu watatu na kupata majibu matatu, na kila mmoja atakuwa sahihi kwa gari lililo kichwani mwake.

Uzito wenyewe ni wa aina tatu, na watu huuchanganya. Kuna uzito mtupu, yaani gari bila watu wala mizigo. Kuna uzito wa juu ambao mtengenezaji ameruhusu, gari likiwa limejaa. Hizi mbili zimeandikwa kwenye kadi ya gari. Wa tatu ni uzito halisi siku unapoondoka nyumbani, na huo haujaandikwa popote mpaka upande mizani.

Hesabu ya basi dogo

Magari mengi ya nyumba yanayotengenezwa Dar yanaanzia kwenye Toyota Coaster, Mitsubishi Rosa au Nissan Civilian, na mengine kwenye Canter au Isuzu iliyojengewa bodi. Ni uamuzi mzuri, kwa sababu injini na giaboksi zake mafundi wanazijua kama viganja vyao. Tatizo ni imani kwamba gari lililobeba abiria 29 haliwezi kuelemewa na familia moja.

Tuchukue basi ambalo kadi yake inasema uzito mtupu ni kilo 3,600 na uzito wa juu kilo 5,200. Tofauti ni kilo 1,600, ambayo ndiyo nafasi ya watu 29 wa kilo 55, kipimo wanachotumia Wajapani. Ukitoa viti 24 vya kilo 12 hivi kila kimoja, unapata karibu kilo 290 zaidi. Kwa hiyo una kilo 1,890 za kuchezea.

Sasa jenga. Plaiwudi ya milimita 12 ya futi 8 kwa 4 ina kilo 21 hivi, na kabati, vitanda na sakafu hula vipande 12 vya namna hiyo bila kuhisi: kilo 250. Fremu, kuta za ndani na sponji ya kuzuia joto, 150. Maji lita 300 pamoja na tanki lake, 315. Tanki la maji machafu likiwa na lita 90 hivi, 100. Betri nne za kawaida za ampea-saa 200, kilo 60 kila moja, 240. Paneli za sola, inveta, friji, jiko na mtungi wa gesi wa kilo 15 (chuma chake peke yake kina uzito unaokaribia gesi iliyomo), jumla 200. Kiyoyozi, keria ya juu na jenereta, 165. Magodoro na choo, 105. Tairi la pili la akiba na vifaa, 80. Nguo na chakula, 120. Watu watano wa kilo 70, 350. Jumla ni kilo 2,075. Umezidisha kilo 185 kabla hujanunua mkaa njiani.

Ndiyo maana unaona gari limekaa chini upande wa nyuma na fundi anashauri kuongeza majani ya springi. Kuongeza springi kunanyanyua gari, hakuongezi uwezo wa breki, hubu, beringi wala tairi. Tiba ni kupunguza. Ukiweka betri tatu za lithiamu za ampea-saa 200 badala ya zile nne, unaokoa karibu kilo 170, na umeme wa kutumia unaongezeka, kwa sababu betri ya kawaida haipaswi kushushwa chini ya nusu wakati lithiamu huvumilia asilimia 80 na zaidi. Ukisafiri na nusu tanki la maji umeokoa nyingine 150. Hapo gari limerudi ndani ya mstari.

Mzigo uliobaki upange ukikumbuka kwamba kila ekseli ina kikomo chake. Kosa la kawaida ni kuweka maji, betri na jenereta vyote nyuma ya tairi za nyuma. Kwenye Coaster na Rosa mkia ni mrefu, hivyo kilo 100 mkiani zinaongeza zaidi ya kilo 100 kwenye ekseli ya nyuma na kupunguza uzito wa mbele, mpaka usukani unakuwa mwepesi na gari linayumba likipishana na basi. Maji na betri vikae katikati ya ekseli mbili, chini, vikigawanywa kushoto na kulia.

Kazi ikiisha, kalipime. Kuna mizani za malipo kwenye maghala na kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Pima ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, kisha gari zima, likiwa na maji, mafuta na watu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito inahusu magari kuanzia kilo 3,500, kwa hiyo usishangae ukielekezwa kwenye mizani ya Vigwaza unapotoka Dar kwenda Morogoro. Vikomo vya barabara ni vikubwa, tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne, kwa hiyo basi dogo litapita mizani bila tatizo huku likiwa limevuka uwezo wake lenyewe. Kupita Vigwaza si ushahidi kwamba gari halijaelemewa.

Leseni: zito au jepesi, binafsi au la malipo

Maswali ni mawili tu. La kwanza: gari ni zito? Sheria ya Usalama Barabarani inatenga magari yenye uzito wa jumla unaozidi kilo 3,500, na hata mwendo wake kwenye barabara kuu una kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Hicho ni kikomo chako pia ukiwa na Coaster ya nyumba, hata kama ndani kuna kitanda na si abiria. La pili: kuna mtu analipa ili asafiri humo?

Daraja B, ambalo wenye magari madogo wengi wanalo, linaruhusu magari isipokuwa pikipiki, ya biashara, mazito na ya abiria. Kwa hiyo B haitoshi kwa gari zito la nyumba, hata kama ni lako na unaendesha mwenyewe. Daraja D linaongeza magari ya biashara, lakini bado linaacha nje mazito na ya abiria. Daraja E ndilo linalofungua magari mazito, na sharti lake ni kuwa umeshika D kwa miaka isiyopungua 3. Hapa ndipo wengi wanakwama: gari limeshatoka bandarini, mwenye nalo ana B, na miaka 3 ya D haijaanza hata kuhesabiwa. Ukiwa na mpango wa gari la nyumba, anza na leseni kabla ya gari. Vinginevyo, kwa kipindi hicho utahitaji dereva mwenye E.

Madaraja ya C ni ya abiria wa kulipa: C3 kwa gari la watu wasiozidi 4, C2 mpaka 15, C1 mpaka 30, C kuanzia 30. Familia yako haikufanyi uhitaji C. Lakini kama kadi bado inasomeka basi la abiria 29, trafiki ana haki ya kukuuliza maswali ya basi.

Kupanda daraja kunapitia mafunzo kwenye chuo kinachotambulika, halafu jaribio la polisi wa usalama barabarani, halafu TRA inakuongezea daraja kwenye leseni ukiwa umelipa ada. Kwa magari makubwa, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo na VETA ndizo sehemu zinazoheshimika. Usichukue mafunzo kama karatasi tu. Gari la mita 7 au 8 lenye mkia mrefu linapokata kona kulia, mkia unatoka nje kushoto, na mtu wa bodaboda aliye ubavuni kwako hajui hilo. Kujifunza kurudi nyuma kwa vioo viwili, bila kioo cha kati, peke yake kunahitaji siku kadhaa.

Kadi, bima, ushuru

Ukibadilisha basi kuwa gari la nyumba, badiliko la bodi, rangi na idadi ya viti liingizwe kwenye kadi kupitia TRA, gari likiwa limekaguliwa na polisi. Hili lina maana kubwa kwenye bima. Bima ya lazima ni ya mtu wa tatu, na uhai wake unaweza kuuthibitisha kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, lakini mkataba uliokatwa kwa basi la viti 29 ukipeleka madai ya gari lenye jiko la gesi na sola juu utakuwa na mjadala mrefu. Mweleze wakala kwa maandishi kilichomo ndani na thamani yake, na omba bima kubwa itaje vifaa vilivyofungwa. Ukivuka mpaka kwenda Zambia au Malawi, omba pia Kadi ya Njano, yaani bima ya COMESA ya kuvuka mipaka.

Namba ya njano ni ya gari binafsi. Ukianza kulikodisha, hata kwa wikiendi, umehama: namba nyeupe, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), na kama wateja ni watalii, leseni ya biashara ya utalii ya Wizara ya Maliasili. Hakuna njia ya katikati.

Anayeagiza gari lililokwisha kujengwa ajue kwamba forodha huliweka kwenye kifungu cha 8703, pamoja na magari madogo, na si 8702 cha mabasi. Gari lenye zaidi ya miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, na VAT ni asilimia 18. Tumia kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma pesa Japani.

La Japani, la Marekani, la kujengwa hapa

Tofauti kubwa iko kwenye umeme, si kwenye injini. Gari la nyumba la Japani lina vifaa vya volti 100, la Marekani volti 120 na hezi 60. TANESCO inatoa volti 230 na hezi 50. Transfoma ya kushusha volti inatibu volti tu, haigusi hezi. Ndiyo maana maikrowevu na kiyoyozi cha Marekani vinaweza kupata moto na kufa hata transfoma ikiwa nzuri. Njia ya uhakika ni kung'oa kiyoyozi na maikrowevu na kuweka vya volti 230, kisha kubadilisha chaja ya betri. Soketi ya Marekani ya ampea 50 ina waya mbili za moto ambazo kati yake ni volti 240, na fundi asiyejua hilo akiunganisha moto wa TANESCO upande mmoja anachoma kila kilichofungwa upande huo. Mwoneshe mchoro kabla hajafungua boksi.

Gesi ni rahisi zaidi. Majiko ya Japani yametengenezwa kwa milibari 28, ya Marekani karibu hivyo hivyo, na regileta za majumbani kwetu ziko hapo hapo. Badilisha mpira na regileta, basi.

Basi kubwa la nyumba la Marekani lenye injini ya Cummins nyuma linatisha kwa ukubwa, lakini injini hiyo ina mafundi Dar kwa sababu ya malori ya Freightliner yaliyojaa barabara ya Tunduma. Kinachokosekana Kariakoo ni mota ya chumba kinachotoka ubavuni, jeki za kusawazisha na bodi zake za umeme. Chumba kikigoma kurudi ndani ukiwa Mikumi, huondoki. Jifunze kukirudisha kwa mkono kabla ya safari, na mpira wa pembeni mwake upakwe mafuta ya silikoni kila baada ya vumbi. Pia usukani uko kushoto, mlango unafungukia upande wa magari yanayopita, na kupita lori unahitaji mtu wa kukuangalizia. Kwa maoni yetu, kwa mtu wa Dar, basi dogo la Kijapani lenye usukani wa kulia linashinda.

Umeme ndani ya gari

Coaster na Fuso nyingi zina mfumo wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Fundi akitaka taa na redio za volti 12, huvuta waya kwenye betri moja kati ya mbili. Gari linafanya kazi, na baada ya miezi michache betri zote mbili zimekufa. Ile iliyovutwa haijai kamwe, na alteneta ikiona jumla iko chini inaendelea kusukuma, hivyo nyingine inachemka. Funga kibadilishaji cha 24 kwenda 12, au jenga mfumo wa nyumba wa volti 24 tangu mwanzo. Inveta ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 167 kwenye volti 12, lakini ampea 83 kwenye 24, kwa hiyo waya unakuwa mwembamba, mwepesi na wa bei nafuu. Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye betri. Waya mnene usio na fyuzi, ukisuguana na bodi, ndio unaochoma magari haya.

Lithiamu isifungwe moja kwa moja kwenye alteneta. Inapokea chaji nyingi mfululizo mpaka alteneta inaungua. Kati yake kuwe na chaja maalumu ya betri kwa betri.

Sola: kwa jua la Dar hesabu saa 5 za nguvu kamili, na theluthi moja hivi inapotea kwa joto na nyaya. Paneli ya wati 200 inakupa wati-saa 700 kwa siku nzuri. Friji ya kompresa ya volti 12 kwenye joto letu inataka wati-saa 500 hadi 600. Friji, taa, feni na simu zinaishi vizuri kwa wati 600 za sola. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kinavuta wati 800 na zaidi, hivyo usiku mmoja kinakula wati-saa 4,000 au 5,000. Anayetaka kulala na kiyoyozi apige kambi penye umeme. Friji ya gesi, ile ya kimya, iache: inataka gari lilale sawasawa kabisa, na joto la Februari linaishinda.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka na kukaa sakafuni. Mtungi uwe kwenye boksi lililozibwa kabisa upande wa ndani, lenye tundu chini linalotoka nje ya gari. Jaribu viungo kwa povu la sabuni kila baada ya safari ya barabara mbovu, kwa sababu mtikisiko hulegeza nati.

Maji kutoka juu, chumvi kutoka baharini

Magari ya nyumba hayafi kwa injini. Yanakufa kwa kuvuja. Kila tundu lililotobolewa juu, la paneli, feni au keria, ni mlango wa masika. Maji yanapita ndani ya plaiwudi na kuonekana mita mbili mbali na yalipoingilia, kwa hiyo ukiziba palipo na doa unaziba mahali pasipohusika. Kabla ya Machi na tena kabla ya vuli, panda juu, bonyeza kila kiungo kwa kidole, na ndani ubonyeze kuta za kona nyuma ya makabati. Mbao inayobonyea imeoza.

Usizibe kwa silikoni ya bafuni. Inachanika gari linapojipinda, na pakishapakwa silikoni hakuna gundi nyingine itakayoshika. Tumia gundi ya vioo vya magari, ya poliurethani, baada ya kukwangua yote ya zamani na kusafisha kwa spiriti.

Waliozoea kupiga kambi Kigamboni, Kimbiji au Bagamoyo wajue kwamba chumvi hukaa juu ya chesisi na kwenye waya za chini. Osha chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo unaporudi. Ambapo bodi ya alumini imefungwa kwa boliti za chuma, weka raba katikati, la sivyo alumini itageuka unga mweupe. Kwa wanaopita kivuko cha Magogoni, mkia mrefu unagusa chini pale gari linapopanda pantoni maji yakiwa yamekupwa. Daraja la Nyerere, lile la Kigamboni, lina malipo, lakini halivunji tanki la maji machafu.

Tairi na breki

Tairi za gari la nyumba huzeeka kabla hazijaisha. Linasimama wiki tano, linatembea siku mbili. Soma namba nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Baada ya miaka 6 au 7 badilisha hata kama kashata bado zipo, hasa zile za upande unaopigwa na jua. Upepo ufuate kibao cha mlangoni. Coaster yenye 7.00R16 inataka karibu psi 85, na tairi mbili za nyuma zikitofautiana upepo, iliyojaa ndiyo inayobeba mzigo wote na kupasuka. Pima na ya ndani, ambayo wengi huiruka kwa sababu mkono haufiki. Nunua valvu ndefu. Rimu za kufungua zenye pete zijazwe upepo ndani ya kizimba tu, kwani pete ikiruka inaua.

Breki za mafuta zinachemka mlimani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na Dar ina unyevu mwingi, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka 2. Kushuka Kitonga, ingia gia ya chini kabla ya mteremko, washa breki ya moshi kama ipo, gusa breki kwa nguvu kisha achia. Usikalie pedali. Ukisikia harufu ya kuungua, simama palipo salama, weka kuni au jiwe chini ya tairi, na usimwagie maji ngoma za breki. Zinapasuka. Magari ya breki za upepo yatolewe maji yaliyokusanyika kwenye matanki yake ya upepo kila asubuhi ya safari.

Kwa wenye Coaster ya injini ya 1HZ, mkanda wa taimingi ni kila kilomita 100,000, na kama huna historia ya gari badilisha siku ulipolinunua, pamoja na beringi yake ya kukazia. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni.

Andika urefu wa gari kwenda juu, pamoja na kiyoyozi na keria, kwenye karatasi mbele ya usukani. Gari lililotoka gereji na mita 2.7 linarudi kwa fundi wa sola na kutoka na mita 3.1, na nyaya za umeme zinazokatiza mitaa ya Tabata hazijui hilo.